Kihispania cha Kumwambia Mjomba

Mjomba wangu alirudi nyumbani akiwa hajui hata kusalimia. Nilimwambia shikamoo, akanitazama, akacheka kidogo, akasema maneno ambayo hakuna mtu pale uani aliyeyajua. Nikarudia shikamoo kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba nazungumza na kiziwi, naye akacheka tena. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na upawa mkononi. "Mwache," akaniambia, "ametoka mbali." Siku zile hasira zangu zilikuwa za karibu, nikajisemea moyoni kwamba mtu mzima asiyejua kuitikia marahaba, atoke mbali atakako, adabu hana.

Tulikuwa tunakaa Bagamoyo, upande wa Dunda, na huo ulikuwa wakati kidogo kabla Wajerumani hawajatundika bendera yao. Mimi nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, nimeshaolewa na kuachwa, nimerudi kwa mama na mkeka wangu na ulimi wangu. Aliyekuwa mume wangu alipenda kusema kwamba huo ulimi ndio ulionirudisha. Baba alikuwa amekufa zamani. Bibi, mzaa mama, tulimzika masika ya mwaka uliotangulia, kwenye makaburi ya njia ya kwenda Mbegani. Kwa hiyo nyumbani tulibaki wanawake wawili, tukiuza mayai na mboga na kusuka ukili.

Habari za mjomba nilizijua tangu utoto. Aliibwa angali mdogo. Alitumwa kwenda kuchukua chumvi ufukweni, hakurudi, na siku zile kila mtu alijua maana ya mtoto kwenda ufukweni asirudi. Baadaye tulikuja kufahamu kwamba aliuzwa mkono kwa mkono mpaka kusini kabisa, akapakiwa merikebu, akavushwa bahari mpaka kisiwa cha Kuba, akakate miwa ya watu. Huko akakulia. Lugha yetu ilimtoka yote, ila jina la bibi na maneno machache ya mtoto. Alipopata uhuru wake aliingia kazi ya upishi katika meli ya mizigo, na meli ilipotia nanga Unguja kungoja mavuno na kupakia karafuu, akaomba ruhusa, akavuka mpaka kwetu. Alizunguka sokoni akitaja jina la bibi, jina tu, mpaka watu wakamleta mlangoni. Akamshika mama mkono, penye kovu la moto alilokuwa nalo tangu utotoni, akaonyesha kwa vidole jinsi chungu cha uji kilivyopinduka, kisha akajigonga kifua kwamba aliyekipindua ni yeye. Mama hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Baada ya shikamoo yangu ile iliyopotea, mjomba alitupa macho ndani ya nyumba, akatazama kila mlango, akasema, "Mama?"

Neno hilo hakulisahau. Na mama yangu, bila hata kupepesa, akaitikia kwa kichwa kwa furaha akamjibu, "Hajambo. Mzima kabisa. Karibu, keti, unawe, ule."

Asiwepo wa kumlaumu mama. Kwetu mtu aliyetoka safari hapokelewi na msiba mlangoni. Aulize atakayemuuliza, ataambiwa hajambo, hata kama aliyeulizwa kazikwa jana. Kwanza ataoga, atakula, atalala. Kisha wazee wataitwa, ataketishwa katikati yao, na wa kumshika watakuwa wamekaa karibu, ndipo ataambiwa. Kila mtu wa pwani analijua hilo. Ukiambiwa hajambo ukiwa bado na vumbi la njiani miguuni, huliweki moyoni neno hilo, unasubiri. Haikumpitikia mama kwamba desturi nayo humtoka mtu kama lugha inavyomtoka. Mjomba alimwona dada yake anacheka na kuitikia kwa kichwa, akaelewa alichoelewa. Akala wali wote, akalala usingizi mzuri.

Kesho yake wazee wakaja. Babu mdogo, ndugu yake bibi, ndiye aliyekuwa msemaji. Mjomba akaketishwa kwenye mkeka, jirani wawili wenye mikono ya nguvu wakakaa kulia na kushoto kwake. Babu mdogo akaanza kwa kumshukuru Mungu, akasema sisi sote ni wa kurejea kwake, akaeleza maradhi ya bibi tangu mwanzo mpaka mwisho, akasema, "Dada yangu ametangulia mbele ya haki," na sauti ikamkatika. Mjomba alimsikiliza kwa heshima zote. Babu alipofuta machozi, mjomba akainuka, akampa mkono yeye na wazee wote mmoja mmoja huku anatabasamu, akadhani amekaribishwa mjini.

Wazee walitoka wamechanganyikiwa, nasi tukabaki tumechanganyikiwa kuliko wao. Babu mdogo alishikilia kwamba mtoto ameshaambiwa, maneno yamesemwa na mashahidi wapo. Mama akasema, "Ameambiwaje naye anacheka?" Mimi nikashauri jambo ambalo lilionekana jepesi, tumchukue mpaka kaburini tumwonyeshe. Mama alinitazama kama nimetukana. "Mtu haonyeshwi kaburi la mamake kama anayeonyeshwa shamba," akasema. "Anaambiwa kwanza, analia kwanza, ndipo anapelekwa."

Aliyetufungua macho kuhusu lugha yenyewe alikuwa Mgoa mmoja, mpishi wa mzungu wa kule forodhani, ambaye kwao walisema Kireno. Alikaa na mjomba barazani, wakaongea, yule Mgoa akawa anakunja uso kama mtu anayesikilizia nyuma ya ukuta. Akatuambia hicho ni Kihispania, jamaa yake Kireno, na kwamba nusu anaipata na nusu inampita. Akasema kule misheni kwa Wafaransa kuna bruda mmoja, seremala, ambaye kwao ni Hispania hasa.

Nikamwambia mama basi mambo yamekwisha, bruda aje amwambie. Mama akakataa. Msiba wa mama mzazi hauletwi na mpishi wala na seremala wa watu, tena mwenye msalaba kifuani. Lazima utoke kinywani mwa mtu wa nyumba. "Wewe unapeleka mayai misheni kila mara," akasema, "na Mungu amekupa ulimi. Nenda kajifunze."

"Sawa. Nitamuuliza bruda, bibi amekufa husemwaje."

"Hilo ndilo usimuulize. Mjomba wako akienda kumtembelea mwenye lugha yake, na lazima ataenda, yule ataropoka, naye atapata msiba wa mamake mbele ya randa na misumari. Jifunze lugha. Hilo neno utalipata mwenyewe."

Ukinituma kisimani unikataze kutaja maji, nitafanyaje? Nilimwambia hivyo, akaniambia nisimjibu.

Basi nikaanza kusoma Kihispania kwenye banda la useremala la misheni, nimesimama na kikapu cha mayai, bruda anapiga randa na maranda yananirukia miguuni. Banda lilikuwa wazi pande zote na watu wanapita, hata hivyo maneno yakasambaa Dunda nzima kwamba yule aliyeachwa sasa anafundishwa kusali. Mama aliniambia tu nishike shahada yangu nirudi na maneno. Bruda mwenyewe alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye Kiswahili cha kuungaunga. Nilimwambia nataka kuzungumza na mjomba wangu. Akafurahi mpaka akaweka randa chini.

Alianza na kusema. "Hablo, hablas, habla." Ninasema, unasema, anasema. Nikarudia, na papo hapo nikapotea. Katika lugha yetu mtu hutangulia mlangoni. Ukisikia ni- umejua ni mimi, ukisikia u- umejua ni wewe, na kazi yenyewe inafuata. Kwa Wahispania kazi ndiyo hutangulia na mtu anakaa mkiani, tena mkia wenyewe ni mwembamba, sauti moja tu, ukipiga chafya umekosa kujua nani alifanya. Kwa siku nyingi mimi nilisikia kula, kunywa, kulala, kuishi, vyote vinaelea hewani bila wenyewe. Nilikuwa nasubiri mtu mwanzoni, na mtu alikuwa ameshapita mwishoni.

Nilipoanza kuushika huo mkia, bruda akaniambia kwamba maneno yao yanakaa katika nyumba tatu na kila nyumba ina mikia yake. Kusema ni wa nyumba ya kwanza. Kula ni wa pili, "como, comes, come." Kuishi ni wa tatu, "vivo, vives, vive." Nikamuuliza kwa nini wasikae wote nyumba moja. Akafikiri, akasema ndivyo Mungu alivyopenda. Kisha akaniambia ukitaka kumwambia mtu mzima kwa heshima kwamba anakula, humwambii unakula, unamwambia anakula. Hilo liliniumiza kichwa mpaka nikaketi juu ya gogo. Yaani kwao kumheshimu mtu ni kumzungumzia kana kwamba hayupo na huku mmetazamana.

Kilichonichosha kuliko vyote ni kwamba hiyo "como" ni moja kwa kila kitu. Sisi tuna ninakula, sasa hivi, tonge liko mkononi. Tuna hula, desturi yangu. Wao wanasema "como" na wanaona inatosha. Ilikuwa Ramadhani imekaribia, nikamuuliza, "Sasa mimi nikiwa nimefunga, mtu akiniuliza kama hula samaki, nikamjibu como, si ataniona ninavunja saumu mchana?" Bruda alicheka mpaka akakohoa. Nami sikuwa ninatania.

Mara nyingi nilimuuliza habari ya jana. Jana mtu anasemaje? Mtu aliyekuwapo na sasa hayupo anasemwaje? Nilizungukazunguka hivyo, nikiwa na katazo la mama shingoni. Bruda akatikisa kidole. "Jana baadaye," akasema. "Kwanza leo. Leo isimame vizuri, halafu jana." Alikuwa fundi, hapigilii paa kabla ya nguzo. Mimi nilitamani kumrushia yai.

Nyumbani nilijaribu kwa mjomba nilichokipata. Siku nilipomuuliza "¿Comes?" naye akajibu "Como," tulitazamana kama watu waliokutana tena upya. Akanishika mabega. Kuanzia hapo akawa anazungumza na mimi tu, kutwa, na maneno yake mengi yalinipita. Alipokuwa akisimulia ya Kuba nilisikia maneno yangu ya banda yana mikia mingine nisiyoijua, nikashindwa kujua ni nani aliyeishi, ni nani aliyekula, na ilikuwa lini. Mpaka leo sijui kama alikuwa na mke huko. Nadhani kulikuwa na mwanamke, na nadhani kuna jambo baya lilimpata. Nilimwitikia kwa kichwa tu.

Lakini kuna swali moja nililielewa mapema kuliko yote, kwa sababu hakuacha kuliuliza. "¿Dónde está mi madre?" Mama yangu yuko wapi? Nilimpelekea mama swali hilo, naye akaniambia nijibu kama kawaida, hajambo, mpaka nitakapoweza kuyasema yote na wazee wamekaa. Basi nikajibu, "Está bien." Hajambo. Na bruda alinisifia kwa hayo maneno, maana Wahispania wana kuwa za aina mbili, moja ya kuwa mtu fulani na nyingine ya kuwa mahali au hali, na wageni wengi huzichanganya. Mimi sikuzichanganya. Nilimwambia mjomba uongo kwa Kihispania kilichonyooka.

Naye akafanya ambayo mtoto yeyote angefanya. Akanunua miguu ya kitanda, akaomba kamba za makumbi, akaketi uani akawamba kitanda kipya, anavuta kamba kwa miguu mpaka mishipa inasimama shingoni. Alipomaliza akakiingiza chumba cha bibi mwenyewe, akatandika juu yake kipande cha kitambaa cha merikani. "Para mi madre," akaniambia. Cha mama yangu. Mama alikuwa anapepeta mchele. Aliacha kupepeta, akaingia jikoni, na hakukuwa na chochote jikoni cha kufanya.

Siku za Ijumaa alifua shati, akalivaa, akakaa barazani akitazama njia. Alianza kuniuliza "¿Cuándo viene?" Anakuja lini? Nikasema sijui. Nililijua hilo vizuri, "no sé," lilikuwa neno langu la kila siku. Aliniambia kwamba mama yake akija, yeye atabaki, hatarudi melini. Nilielewa yote isipokuwa kubaki, nikaenda kumuuliza bruda, na niliporudi nyumbani na maana yake sikujua nifurahi au nifanye nini. Nilimwambia mama. Mama akasema, "Basi harakisha," kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nachelewesha.

Kisha mjomba akanyamaza. Aliacha kuuliza. Chakula akakila peke yake, chumbani, akarudisha sahani na nusu yake. Mama akampikia maharage ya nazi, akampikia pweza, sahani zikarudi vilevile. Nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi cha kuota naongea Kihispania ndotoni na watu wote hawana mikia. Yule Mgoa akapita kutuambia kwamba meli ya Unguja inamaliza kupakia na wiki ile itang'oa nanga. Mjomba akamsikiliza, akasema ahsante kwa lugha yake, akaenda kuanua nguo zake kwenye kamba.

Hapo mama aliogopa. Alijifunga kanga ya nje akaenda kwa babu mdogo kumwambia kwamba iwe isiwe, wazee waje leo, na mimi nitasema nitakachoweza. Akaniacha nyumbani niwaandalie mikeka.

Nilikuwa nakung'uta mkeka wa kwanza mjomba alipotoka chumbani. Amevaa viatu. Begi lake la turubai limefungwa, liko begani. Alisimama mbele yangu akasema polepole, kwa maneno mepesi, akiniteulia yale niliyoyajua, kama mtu anayemmenyea mtoto chungwa:

"Mi madre vive. Mi madre no quiere verme."

Mama yangu anaishi. Mama yangu hataki kuniona.

Nililielewa kila neno, kila mkia, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwelewa mtu kwa Kihispania tangu mwanzo wa sentensi mpaka mwisho wake bila kupotea popote. Akaendelea. Akasema yeye ni mtumwa, na mama yake anamwonea haya. Alisema bila hasira. Akanipa mkono wa kuniaga.

Wazee hawakuwapo. Mama hakuwapo. Hakuwapo hata mtu mmoja wa kumshika, na alikuwa hajala kitu tangu asubuhi. Kila lililotakiwa kuwapo halikuwapo, na mtu anaondoka. Niliushika mkono wake sikuuachia.

"No," nikasema. "No, mjomba."

Neno nilikuwa sina. Nilitafuta katika yote ya bandani, katika mayai na mbao na mkate na maji, na kufa hakukuwamo, wala jana haikuwamo. Nilikuwa na leo tu. Basi nikachukua nilivyokuwa navyo, kimoja kimoja, nikavikanusha.

"Tu madre no come," nikamwambia. Mama yako hali. "No bebe." Hanywi. "No habla."

Akakunja uso. "¿Está enferma?" Mgonjwa?

"No está enferma. No duerme. No vive. Tu madre no vive, mjomba." Si mgonjwa. Halali. Haishi.

Alirudia hilo "no vive" kwa kuuliza. Nikamjibu hilohilo. Begi likateremka begani taratibu mpaka likagusa ardhi, akajipiga ishara ya msalaba, na nikaona haya kutazama. Kisha akaniuliza jambo ambalo nilijua litakuja. Kwa nini basi unaniambia hajambo? Kila siku unaniambia hajambo.

Ningekuwa na lugha ningemweleza mlango, na mgeni, na maji ya kuoga, na wazee, na mikono ya kumshika. Kulia nililijua, kwa sababu ya watoto wachanga wa misheni. Nikamwambia, "Aquí, primero comes. Después lloras."

Hapa kwetu, kwanza unakula. Halafu unalia.

Nilidhani atanipiga, au atacheka. Akafanya vyote isipokuwa kupiga. Alicheka na machozi yanatoka, akaniashiria tumbo lake, akasema jambo ambalo nadhani lilikuwa kwamba ameshakula sana. Halafu akaketi juu ya mkeka niliokuwa nimeukung'uta, akaweka uso katikati ya magoti, akamlilia mama yake kwa sauti kubwa, na kilio chake kilikuwa cha kwetu kabisa. Nikakaa karibu naye. Nilipoona mwenyewe hana wa kumshika, nikamshika.

Mama na babu mdogo na wazee wakatukuta hivyo. Mama hakuuliza kitu. Alitupa kanga chini, akapiga ukemi wa msiba pale mlangoni, na dakika chache baadaye ua ulijaa. Watu wa Dunda walikuwa wamekaa na msiba huo nusunusu tangu mjomba alipofika, kila mmoja akimwona njiani na kumeza mate, na sasa wakaja wote kwa mkupuo, na vyungu vyao na mikeka yao. Babu mdogo alilalamika kidogo kwamba haikufanywa kama inavyotakiwa. Kisha akaketi upande wa kulia wa mjomba, akamwekea mkono begani.

Jioni, watu walipopungua, mjomba akaniita. Alitaka kujua jambo moja. Kama mama yake anampenda. Aliuliza kwa leo, kwa ajili yangu, kwa sababu alijua sina lugha nyingine. Nikamgeukia mama, nikamwambia anachouliza.

Mama alichezea ncha ya kanga. Kisha akasema, "Mwambie hakufanyiwa matanga."

Sikujua. Nilidhani katika nyumba ile nimeambiwa kila kitu. Mama akaeleza kwamba baada ya miaka kadhaa ya mjomba kupotea, ukoo mzima walimwambia bibi akubali, mtoto asomewe hitima, watu wale chakula, waondoe matanga yaishe. Bibi alikataa. Walimwendea tena mwaka mwingine, akakataa. Mume wake akamwambia wewe mwanamke unatuwekea msiba wazi nyumbani, na mwisho wakaachana kwa hilo. Mpaka anakufa, aliyemwambia pole kwa mwanao aliyepotea alijibiwa neno moja tu, mwanangu yu hai, na wengine wakamdhania amerukwa na akili.

"Mwambie hilo," mama akasema.

Nilikuwa sina matanga kwa Kihispania, sina ukoo, sina kukataa. Nikamwambia mjomba, "Tu madre dice: mi hijo vive. Cada día dice: mi hijo vive." Mama yako anasema, mwanangu yu hai. Kila siku anasema, mwanangu yu hai.

Mjomba akaweka kidole mdomoni mwake, akanionyesha mama, akanionyesha uani, akataka nimpe maneno hayo kwa lugha aliyoyasemea bibi. Nikampa. Akayajaribu, yakapinda. Nikayasema tena. Akayarudia mpaka yakanyooka.

Siku zote za matanga mjomba alikaa kwenye mkeka wa wafiwa, na meli yake ikang'oa nanga Unguja bila yeye. Watu walikuja kutoka Kaole na Mbegani, wakampa mkono, wakamwambia pole kwa msiba wa mama. Na kila aliyempa pole alijibiwa kwa Kiswahili, polepole, macho yakimtazama usoni: "Mwanangu yu hai."

Watu walitazamana. Wengine walimpa heri ya huyo mtoto. Mwanamke mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini ni mtoto yupi, na mamake ni nani. Babu mdogo akanivuta pembeni akaniambia nimrekebishe mjomba wangu, nimfundishe kusema ahsante kama watu, asituaibishe. Nikainuka nikamfundishe. Mama akanikamata nguo.

"Hayo ni maneno ya mama yangu," akasema. "Mwacheni ayaseme."